Jino Lisiloonekana: Maneno kwa Waongozaji Watalii wa Mji Mkongwe

Mheshimiwa Mwenyekiti, waongozaji wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa nyuma kabisa kama watu wenye basi la kuwahi: assalamu alaikum, na habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie hekalu la Sri Dalada Maligawa, lililoko mji wa Kandy, Sri Lanka. Nilipoombwa niliuliza: waongozaji wa Zanzibar na hekalu la Wabuddha, wapi na wapi? Mwenyekiti akanijibu kwamba wengi wetu tumezeeka katika kazi hii bila kuwahi kukaa upande wa pili, upande wa anayenunua tiketi, anayevuliwa viatu na kuambiwa "usisimame hapo". Sisi ndio wenye kusema "usisimame hapo". Jibu hilo lilinitosha, basi nimekuja. Nitasema sana ya Kandy na kidogo ya kwetu, maana ya kwetu mnayajua kuliko mimi.

Watu hutoka kila pembe ya dunia kwenda hekalu lile kwa ajili ya jino moja, jino la chonge ambalo Wabuddha wanaamini ni la Buddha mwenyewe. Wanalipa, wanapanga foleni, wanapanda ngazi, na jino hawalioni. Kinachoonekana, tena kwa mbali na kwa muda mfupi sana, ni kasha la dhahabu lenye umbo la kuba. Ndani ya kasha hilo mna jingine, na ndani ya hilo jingine, mpaka yatimie saba. Nilimsikia mgeni mmoja akimlalamikia mwongozaji wake kwamba amelipa na hakuona kitu. Yule mwongozaji, kijana wa Kisinhala, kabila kubwa la nchi ile, wa makamo ya wanangu, akamwambia kwa upole kwamba na yeye amezaliwa mji ule na hajaliona pia.

Nimelibeba jibu lile mpaka leo kwa sababu ya biashara yetu. Sisi tumejifunza kwamba mgeni akilipa lazima aonyeshwe, na asipoonyeshwa tumemdhulumu. Kandy wanauza tiketi kwa mgeni huku wakimficha kile hasa alichokijia, na bado mahali pamejaa kutoka asubuhi mpaka usiku. Nataka tulitazame vizuri jambo hili.

Kwanza hadithi yenyewe, maana bila hadithi lile ni kasha tu. Buddha alipofariki huko Kushinagar, kaskazini mwa India, mwili wake ulichomwa kwa desturi ya wakati ule na mabaki yakagawanywa. Simulizi zinasema jino moja lilikaa miaka mingi katika ufalme wa Kalinga, mashariki mwa India. Katika karne ya 4 vita vikamzidi mfalme wa huko, akamkabidhi binti yake Hemamala na mumewe Dantha walivushe bahari. Binti akalificha ndani ya nywele zake. Likapokewa Anuradhapura, mji mkuu wa kisiwa zama hizo, na tangu hapo likawa linahama kila mji mkuu unapohama, kwa sababu watu waliamini kuwa mwenye jino ndiye mwenye haki ya kutawala.

Halafu wakaja Wareno, na hapa wazee wetu wa pwani wanaijua njia. Mwaka 1560, chini ya Constantino de Bragança, aliyetawala Goa kwa niaba ya mfalme wa Ureno, walivamia Jaffna kaskazini mwa kisiwa wakapata jino walilosema ndilo. Mfalme wa Pegu, nchi ambayo leo imo ndani ya Myanmar, akatuma wajumbe na ahadi ya mali nyingi ili alikomboe. Fedha ilitakiwa kweli kweli, lakini wakuu wa kanisa wakakataa. Jino likatwangwa kinuni hadharani, likachomwa, na majivu yakatupwa mtoni. Wabuddha walichosema baada ya hapo ni kifupi: mlilolitwanga silo. Mfalme Vimaladharmasuriya wa Kwanza, aliyeshika kiti mwaka 1592, akalileta jino Kandy, milimani, akalijengea nyumba karibu na kasri lake. Mwaka uliofuata Wareno hao hao walianza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa.

Waholanzi walifika Kandy mwaka 1765, wakaliharibu hekalu, lakini jino lilikwishatoroshwa na mfalme. Waingereza wakaja na kalamu pamoja na bunduki: Mkataba wa Kandy wa mwaka 1815, ambao kifungu chake cha 5 kilitamka kuwa dini ya Buddha haitaguswa. Watu wakaasi hata hivyo, na mwaka 1818 jino likawa mikononi mwa waasi. Waingereza walipolipata tena, uasi ulivunjika nguvu haraka kuliko walivyotegemea hata wao. Na msidhani Waafrika hawakuwamo katika habari hizi. Waingereza walipigana na Kandy wakiwa na askari waliotolewa pande za Msumbiji, kama walivyofanya Wareno na Waholanzi kabla yao. Wajukuu wao wapo mpaka leo karibu na Puttalam, magharibi mwa kisiwa, na wana ngoma yao wanayoiita manja. Sikufika huko. Atakayepata nauli aende.

Sasa safari. Kutoka Colombo unapanda treni kituo cha Fort, na ukiweza kaa dirisha la kulia. Inachukua kama saa tatu. Mwanzo ni minazi na mashamba ya mpunga, unaweza kudhani uko Cheju, kisha treni inaanza kuparamia milima na hewa inabadilika. Kandy iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko katikati ya mji, na hekalu liko ukingoni mwake, kuta nyeupe na paa la dhahabu juu ya chumba chenyewe. Mbele kuna jengo la pembe nane alilolijenga mfalme wa mwisho, Sri Vikrama Rajasinha, ili ahutubie watu wake kutoka juu. Waingereza walimpeleka uhamishoni India, akafia huko. Jengo hilo sasa limehifadhi miswada ya kale iliyoandikwa kwenye majani ya mti wa jamii ya mtende.

Na papasi, wale wanaowavizia watalii njiani, wapo! Nilifarijika sana. Dereva wa bajaji alinikuta kando ya ziwa akaniambia kwamba hekalu limefungwa mpaka jioni, ila leo tu, kwa bahati yangu, kuna maonyesho makubwa ya vito vya thamani ya serikali. Nilimtazama kwa mapenzi ya ndugu. Maneno ni yale yale ya Forodhani, kilichobadilika ni bidhaa tu. Hekalu lilikuwa wazi, bila shaka.

Mlangoni unapekuliwa. Wanaume foleni yao, wanawake yao, mifuko inafunguliwa. Wageni hunung'unika hapo, na mwongozaji asiyejua kazi husema "ni utaratibu tu". Anayejua huwaeleza habari ya tarehe 25 Januari 1998. Asubuhi hiyo lori lililojaa mabomu, lililoendeshwa na wapiganaji wa Tamil Tigers, waasi waliotaka nchi yao ya Watamil, lilipenya vizuizi likaripuka mbele ya hekalu. Zaidi ya watu kumi walikufa. Paa likaporomoka, kuta na michongo ya mlangoni ikavunjika. Siku kumi baadaye nchi ilikuwa iadhimishe miaka 50 ya uhuru hapo hapo Kandy, Mwanamfalme Charles wa Uingereza akiwa mgeni, na sherehe ikahamishiwa Colombo. Jino halikudhurika. Mafundi walipoanza kukarabati wakakuta kwamba plasta iliyobanduka ilikuwa imefunika picha za kale za ukutani, tabaka juu ya tabaka. Hekalu likafunguliwa tena mwaka 1999. Mgeni akishasikia hayo hanung'uniki tena kupekuliwa, anainua mikono mwenyewe.

Baada ya hapo viatu. Kuna banda, unatoa viatu unapewa namba. Jua likiwa kali mawe ya uani yanaunguza, na ni raha kuwatazama watu wazima kutoka nchi za baridi wakirukaruka. Mabega na magoti lazima yafunikwe, mwanamume na mwanamke sawasawa. Aliyekuja na kaptura anavalishwa kitambaa kiunoni, kama msuli wetu, na hakuna anayejadiliana naye. Sikuona bango refu wala vitisho vya faini pale mlangoni. Mlinzi anakutazama magoti, anakuonyesha kwa kidole pa kupata kitambaa, basi. Kitu kilichonipendeza zaidi ni kwamba kinamama wa Kandy wenyewe wanakuja wamevaa nyeupe, na ukiwaona hao, huhitaji kuelezwa kwa nini kaptura yako haifai.

Ibada ni mara tatu kwa siku: alfajiri, asubuhi kwenye saa 3 na nusu, na jioni kwenye saa 12 na nusu. Nendeni jioni. Chini kwenye ukumbi wanasimama wapigaji, vifua wazi, nguo nyeupe na mishipi myekundu, na ngoma za aina mbalimbali pamoja na zumari. Naam, zumari, mtu wa Lamu angelitambua bila kugeuka. Mapigo yanaanza kabla hujajua yameanzaje, na hayakusudiwi wewe. Hakuna anayetangaza, hakuna anayepiga makofi yakiisha. Waliojua nyakati wamekwisha kupanda juu na maua yao mikononi, yungiyungi na asumini, harufu imejaa ngazi nzima. Watawa wanaingia ndani wakiwa na vyakula na maji vya kutoa sadaka. Kisha mlango mdogo unafunguliwa na foleni inaanza kusogea mbele yake. Unaweka ua lako juu ya meza ndefu, unageuza uso, unaliona kasha linang'aa nyuma ya watawa, na mkono wa mtu unakusukuma taratibu, songa mbele. Imekwisha.

Nyuma yangu alikuwapo bibi aliyeletwa na mjukuu wake akimshika kiwiko. Yeye pia alipewa muda ule ule, hakuzidishiwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata alichokijia. Mbele yangu kijana mmoja aliutumia muda wake kuitafuta kamera kwenye simu, akaipata alipokwisha kusukumwa.

Ukibahatika kufika Jumatano asubuhi kuna jambo la ziada. Siku hiyo hufanyika ibada ya kuoshwa kwa jino, kwa ishara tu, kwa maji yaliyotiwa maua na miti ya manukato, na maji hayo baadaye hugawiwa watu.

Najua swali lililo midomoni mwenu, kwa hiyo nilijibu kabla hamjaleta vikaratasi. "Wewe Muislamu, ulifanya nini mle ndani?" Nilisimama pembeni. Sikuinamisha kichwa mbele ya kasha, sikuweka ua, na hakuna aliyenitaka nifanye hivyo. Nilivua viatu kwa sababu nyumba ni yao na wamesema viatu vinavuliwa. Foleni ilipofika mlangoni niliwapisha wenye maua wapite upande wa meza, nikapita nyuma yao. Mtu anaweza kuwa na heshima kamili bila kuabudu, na wao wanaijua tofauti hiyo vizuri kuliko tunavyodhani. Aliye na wasiwasi wa dini yake asiingie chumba cha juu. Uwanja, makumbusho na ziwa vinatosha. Kusema "naingia lakini nitacheka ili Mungu ajue simo" ni utoto, na nimewaona watu wazima wakiufanya.

Sri Lanka nayo haina utani katika hili. Kupiga picha ukiwa umeipa mgongo sanamu ya Buddha ni utovu wa adabu, na utaambiwa ugeuke. Mwaka 2012 watalii watatu wa Kifaransa walihukumiwa kwa picha walizopiga wakijifanya wanaibusu sanamu. Mwaka 2014 mwanamke mmoja Muingereza alirudishwa kwao kwa sababu ya picha ya Buddha aliyochorwa mkononi. Hilo la pili mimi naliona wamezidisha, maana dada huyo alijichora kwa mapenzi. Lakini kampuni yoyote inayompeleka mtu kule bila kumwambia funika mkono wako imemuuza.

Wala sitaki mtoke hapa mkidhani Kandy ni pepo. Mfalme Senarat wa Kandy aliwapa hifadhi Waislamu waliofukuzwa na Wareno, na habari hiyo inasimuliwa kwa fahari. Lakini Machi 2018, katika wilaya hiyo hiyo ya Kandy, makundi ya watu yalichoma misikiti, maduka na nyumba za Waislamu mpaka serikali ikatangaza hali ya hatari. Mwongozaji wangu hakulitaja mpaka nilipouliza, na alipojibu alijibu vizuri, bila kuficha. Nimemweka moyoni kwa hilo kuliko kwa hadithi zake zote za wafalme.

Vilevile ndovu. Kila mwaka, mwezi Julai au Agosti kwa kufuata mwezi mwandamo, hufanyika Esala Perahera, maandamano ya usiku yenye mienge, wacheza ngoma na ndovu waliovishwa nguo za taa. Ndovu mkuu hubeba mgongoni kasha la mfano. Jino lenyewe halitoki. Aliyewahi kubeba kwa miaka mingi ni Raja. Rais Jayewardene alimtangaza kuwa hazina ya taifa mwaka 1986, ndovu huyo akafa mwaka 1988, na sasa amekaushwa na kusimamishwa katika chumba chake ndani ya uwanja wa hekalu. Watoto humwendea mbio. Mimi minyororo ya miguuni mwa wale walio hai ilinisumbua, na sikuona sababu ya kujificha nyuma ya neno "utamaduni". Ubishi huo wanao wenyewe pia, tena mkali.

Mwaka 2025 jino lilionyeshwa. Kwa siku kumi kuanzia tarehe 18 Aprili kasha lilifunguliwa, mara ya kwanza tangu mwaka 2009, na watu wakaja kwa malaki, wakalala njiani, foleni ikazunguka mji mpaka wakuu wakawaomba walioko mikoani wasije tena. Haikuwa ziara ya kitalii. Waliopanga foleni walikuwa wenye jino. Mgeni aliyekuwapo alikuwapo kwa fadhila yao. Nadhani ndiyo sababu siku za kawaida wanaweza kutuuzia tiketi bila kujiuza wao: wanajua nani anafunguliwa nini, na lini.

Sasa kwetu, kwa ufupi kama nilivyoahidi. Mwaka 2021 serikali ilitangaza faini kwa wageni wanaovaa ovyo mitaani na kwa wanaowatembeza. Sawa. Lakini faini ni ya baadaye, mgeni amekwishapita Darajani yuko nusu uchi na picha imekwishapigwa. Pale Kandy kitambaa kiko mlangoni. Kwa nini kila mmoja wenu asitembee na kanga mbili kwenye begi? Kanga ni yetu, haina aibu kuivaa, na mgeni nusu ya mara atataka kuinunua.

Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini nalo nataka niliseme, maana ndiko kosa letu linaonekana wazi. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, na wageni wanapelekwa kwa ajili ya historia hiyo, na ni haki yao kuijua. Ila lile ni kanisa linalosaliwa. Nimewaona wenzetu wakiingiza kundi wakati waumini wamepiga magoti, wakinong'ona kwa sauti inayofika madhabahuni, "hii ndiyo altare, hapa palikuwa na mti wa kuchapia". Sisi ambao mtu akipita mbele yetu tunaswali tunamsimamisha kwa mkono! Msikitini hatuthubutu. Basi kwa Wakristo wa Mkunazini tuthubutu kwa lipi? Muda wa ibada umebandikwa mlangoni. Mpeleke mgeni kwenye vyumba vya chini kwanza, mpe historia yake huko, mkitoka misa imekwisha.

Na mgeni akikuuliza kwa nini hawezi kuingia msikiti fulani, usiseme "hairuhusiwi" ukanyamaza kama askari wa bandarini. Msimamishe nje ya Msikiti wa Malindi, muonyeshe mnara wake wa umbo la pia, mwambie ni wa nadra katika pwani yote hii, mwambie nani wanaswali ndani sasa hivi na baada ya hapo watakwenda wapi kunywa kahawa. Atakuwa amefanyiwa alivyofanyiwa yule mgeni wa Kandy asiyeliona jino: huyu wetu hakuingia, lakini amepata.

Kwa wasio na nauli ya Colombo, na najua ndio wengi humu, pandeni boti. Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Wabuddha lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi enzi za Waingereza, zama za miaka ya 1920, na uani kuna mti wa bodhi, mti mtakatifu wa Wabuddha, wenye asili ya ule mkongwe wa Anuradhapura. Wapo watawa na mnaweza kuuliza maswali yenu yote. Pigeni simu kwanza muulize wakati wa ibada, vaeni nguo ndefu, na viatu viacheni nje. Mwenyekiti ana karatasi ya kuandika majina ya wanaotaka kwenda; nimekwisha kuandika langu.

Ahsanteni. Maswali sasa, na aliye nyuma mwenye basi aanze yeye.